Kwenda nyota ya jirani sawa, ila njiani tutakula nini?

Nyota iliyo karibu na sisi kuliko zote ukiacha jua inaitwa Proxima Centauri na huwezi kuiona kwa macho hata ukalale Kitulo usiku wa mwezi wa saba wakati hakuna wingu hata la dawa. Unachoweza kuona ni ndugu zake wawili, wamekaa pamoja mpaka kwa macho wanakuwa nyota moja, Alpha Centauri, ile inayong'aa sana karibu na Msalaba wa Kusini. Ukisimama hapa Uyole, Mbeya, jioni ya mwezi wa sita ukaangalia upande wa Tukuyu huikosi. Umbali mpaka Proxima ni miaka ya mwanga 4.24, yaani kilomita kama trilioni 40, ukituma salamu leo jibu unalipata baada ya miaka nane na nusu, na hiyo ni kama aliyeko huko amejibu papo hapo.

Sasa mimi nina mpwa wangu anasoma umeme chuo, likizo anakuja kunisaidia mashineni (nina mashine ya kusaga na kukoboa, wanaonijua wanajua), na huyu kijana ana imani moja kubwa kwamba kinachotuzuia kwenda huko ni umri wa binadamu tu. Anasema mjomba, sayansi ikifika mahali mtu anaishi miaka 300 mchezo umeisha, unapanda chombo ukiwa kijana unashuka mzee, kama babu zetu waliokwenda na Wenela, wale waliokuwa wanaajiri watu wa migodini, kuchimba dhahabu Sauzi wakarudi na mvi na baiskeli.

Nikamwambia lete simu tupige hesabu. Chombo cha anga cha Voyager 1 kilirushwa 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, tangu 2012 kimeshatoka nje ya eneo ambalo upepo wa jua unatawala, na ishara yake ya redio siku hizi inachukua karibu siku nzima kutufikia. Kwa mwendo ule kumaliza umbali wa Proxima ni miaka kama 75,000, na wala hakielekei huko. Chombo kilichokimbia kuliko vyote ni Parker, kile kinacholichungulia jua, Desemba 2024 kilifika kilomita 192 kwa sekunde ila pale ni jua lenyewe lilikuwa linakivuta, sio injini. Hata tujifanye tumeupata mwendo ule na tunaushikilia njia nzima, ni miaka 6,600. Binadamu aliyeishi sana kwa rekodi zilizokaguliwa ni yule mama wa Ufaransa, Jeanne Calment wa mji wa Arles, alifariki 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Ukiwapanga kina Calment mmoja akifa mwingine anazaliwa unahitaji 54. Ukija na watu wako wa miaka 300 foleni inapungua inakuwa watu 22, sasa hapo umeokoa nini?

Akasema basi tuongeze mwendo, asilimia 10 tu ya mwendo wa mwanga, miaka 42 umefika. Haya. Kuipeleka kilo moja kwenye mwendo huo, kilo moja kama paketi ya sukari, unahitaji nishati ya mitambo yote tisa ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, ikizalisha full saa 59 bila kuzima, na hapo sijahesabu upotevu wala breki za kusimamia ukifika. Chombo cha watu tuseme tani 10,000, hicho ni kidogo kwa kazi hiyo, kinataka bwawa zima kwa miaka 67,000. Mpwa wangu akanyamaza, megawati ndo lugha yake. Ndo maana ule mradi wa Breakthrough Starshot uliotangazwa 2016, Yuri Milner na marehemu Stephen Hawking wakiwa mbele, walikuwa wanaongelea kitu cha gramu chache kinachosukumwa na leza mpaka asilimia 20 ya mwanga. Gramu chache, hamna mtu mle, hamna hata punje ya harage.

Tuje kwenye huo umri wenyewe maana watu wanaupenda sana. Bibi yangu mzaa mama yupo Tukuyu, ukimuuliza kazaliwa lini anakwambia mwaka wa nzige, sasa nzige wamepita mara ngapi? Kitambulisho chake kina tarehe mosi Julai, tarehe aliyopewa dirishani ili fomu ijae. Na msidhani ni sisi tu. Japani mwaka 2010 walikagua vitabu wakakuta majina zaidi ya laki mbili na elfu thelathini ya watu wa miaka mia na kuendelea ambao hawajulikani walipo, na kule Okinawa kunakosifiwa duniani kote kwa wazee, kumbukumbu nyingi ziliungua kwenye vita 1945. Kuna mtafiti anaitwa Saul Newman alipewa ile tuzo ya Ig Nobel 2024, ya tafiti za kuchekesha halafu zinakufikirisha, kwa kuonyesha kwamba sehemu nyingi zenye wazee wa ajabu ndo zenye vyeti vya kuzaliwa vya hovyo. Kwa hiyo habari za kijiji fulani wanaishi miaka 110 sababu wanakula sijui nini, mi nazipokea kwa mkono mmoja.

Kinachobaki ukishapepeta ni hiki, kula kidogo. Clive McCay kule chuo kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1935 aliwapa panya chakula kidogo chenye virutubisho vyote wakaishi muda mrefu kuliko wenzao walioshiba. Baadaye wakaja kwenye nyani, tafiti mbili Marekani, ya Wisconsin 2009 ikasema ndio wanaishi zaidi, ya taasisi ya serikali 2012 ikasema hapana, na moja ya tofauti zilizoonekana ni kwamba wale wa Wisconsin chakula chao kilijaa sukari, zaidi ya robo, kwa hiyo waliokula kidogo walikuwa wanaponea kwenye kutokula sukari nyingi. Hapo mtu wa mashine anaelewa haraka, swali sio kiasi peke yake, swali ni ndani ya hicho kiasi kuna nini.

Na mwili wenyewe angani haukai kama ulivyo hapa. Mifupa inayobeba uzito, nyonga na mapaja, inapungua asilimia moja mpaka moja na nusu kila mwezi usipofanya mazoezi, kwa hiyo wanaanga wanapiga mazoezi kama masaa mawili kwa siku. Aliyekaa safari moja ndefu kuliko wote ni daktari Mrusi, Valeri Polyakov, siku 437 kwenye kituo cha anga cha Mir, 1994 mpaka 1995, akashuka akatembea mwenyewe hatua chache kwenda kwenye kiti ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kufika Mars akasimama. Siku 437! Halafu sisi tunaongelea miaka elfu sita. Kuna na mionzi, gari la Curiosity lilipokuwa njiani kwenda Mars lilipima ikaonekana kwenda na kurudi tu mtu anameza kama milisiveti 660 (ndo kipimo cha mionzi) wakati NASA ukomo wao kwa kazi ya maisha yote ni 600. Kuna na ile ya mapacha, mwanaanga wa Marekani Scott Kelly alikaa juu siku 340, pacha wake Mark akabaki chini, vile vikofia vya mwisho wa kromosomu ambavyo vinafupika mtu akizeeka vya Scott vikarefuka angani, watu wakashangilia, aliporudi ndani ya siku chache vikafupika tena. Ujana wa anasa huo.

Sasa chakula, ambako ndo nilikotaka kufika muda wote huu.

Safari ndefu zilishawahi kuua watu kwa njaa huku wameshiba. Vasco da Gama alipotoka India kurudi, Oktoba 1498, upepo ulimgomea akakaa baharini miezi mitatu mpaka akatokea pwani yetu mwanzoni mwa Januari 1499, watu kama 30 walishakufa, fizi zimevimba zimefunika meno, ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na sio kwamba biskuti na nyama ya chumvi viliisha. Walipofika Malindi kitu cha kwanza wagonjwa walichokililia ni machungwa. Machungwa, vitu ambavyo vinaoza sokoni watu wanapita. Miaka 250 baadaye ndo daktari wa meli ya Kiingereza James Lind akachukua mabaharia 12 wagonjwa, 1747, akawagawa wawili wawili, waliopewa machungwa na malimau wakapona. Angani shida ni ileile imevaa nguo nyingine, chakula cha kwenye paketi kinakaa lakini vitamini C na B1 zinakufa taratibu humohumo ndani ya paketi. NASA kwa safari ya Mars wanatafuta chakula kitakachodumu miaka mitano kikiwa bado na virutubisho na hiyo peke yake inawatoa jasho. Kwa hiyo safari ya nyota hakuna kubeba, ni kulima. Maji sawa, kituo cha anga 2023 walifika mahali wanarudisha asilimia 98 ya maji yote, jasho na mkojo humohumo. Ila maji ni kitu rahisi ukilinganisha na sahani.

Walioingia wakajifungia kulima kweli ni wale wanane wa Biosphere 2, jangwani Arizona, Septemba 1991, miaka miwili ndani ya jengo la vioo. Mle ndani waliweka mpaka komba, komba hawahawa wanaolia usiku. Shamba la chakula lilikuwa kama nusu heka, watu wanane, wakulima wenzangu mnaona hapo. Walilima ndizi, mapapai, karanga, fiwi, viazi vitamu, wakafuga mbuzi wadogo wa maziwa, na viazi vitamu vilikubali kuliko vingine vyote, wakavila mpaka kuna mmoja ngozi ikageuka rangi ya chungwa. Walikonda. Daktari wao Roy Walford alikuwa mtafiti wa hiyo kula kidogo, kwake njaa ile ilikuwa data, akawa anawapima, na kweli presha zilishuka na lehemu ikashuka. Yeye mwenyewe alitegemea kufika miaka 120, akafa 2004 na miaka 79 kwa ugonjwa wa neva. Simcheki, ugonjwa ni ugonjwa, nasema tu.

Lakini kilichonikamata zaidi ni hewa. Oksijeni ilianza karibu asilimia 21 ikashuka kidogo kidogo mpaka 14.5, watu wanapanda ngazi wanahema kama wako juu ya mlima mita elfu nne, mpaka Januari 1993 ikabidi waingiziwe oksijeni kutoka nje. Na aliyeila sio mtu. Waliweka udongo mtamu mno, umejaa mboji ili mazao yastawi, wale wadudu wadogo wa kwenye udongo wakafanya sherehe wakala oksijeni wakatoa hewa ukaa, na hewa ukaa badala ya kurudi kwa mimea ikanywewa na zege la kuta. Nani angewaza zege? Wahandisi, wanasayansi, mamilioni ya dola, halafu hesabu inaharibiwa na mboji na zege. Hapa nje hayo hayakusumbui maana anga lote ni lako. Ukishafunga mlango kila tope lina jina kwenye daftari.

Kuna Mfaransa mmoja, Frédéric Marin wa Strasbourg, na wenzake walifanya hesabu kwenye kompyuta wakapata kwamba kwa safari ya miaka 6,300 unaweza kuanza na watu 98 wakazaana bila ukoo kuharibika, na kwamba watu 500 wanaweza kulishwa na eneo la kilomita za mraba 0.45 ukichanganya kilimo cha kawaida na kile cha kuning'iniza mizizi hewani na kuipulizia maji. Hiyo ni heka kama 111. Huku kwetu mtu mwenye heka 111 tunamwita mheshimiwa, kwa hiyo sio eneo la kutisha. Nilipoisoma nikafurahi, halafu nikajiuliza, shibe wamehesabu, je mtoto wa tatu wa familia ya kizazi cha 40 anapewa nini kwenye kibakuli?

Maana mimi naona kibakuli kinavyoandaliwa. Mama anakuja na debe la mahindi, mahindi mazuri ya Mbozi, namuuliza dona au tukoboe, anasema koboa baba, dona watoto wanalikataa, halafu wageni watanionaje. Tunakoboa. Inatoka punje nyeupe imenyooka kama meno ya tangazo, na pembeni kwenye kiroba inashuka pumba pamoja na kiini, kile kijicho cha njano chenye mafuta, vitamini za B, madini ya chuma na zinki. Mama anaondoka na unga mweupe, kiroba cha pumba kinabaki na saa kumi anakuja kijana na toyo kuchukua kwa ajili ya nguruwe. Wale nguruwe mkiwaona! Wananawiri, wanateleza. Mtoto nyumbani anakunywa uji wa kile kilichobaki, asubuhi na jioni, na sukari kama ipo.

Na msinielewe vibaya kwamba kina mama hawajui, mama huyo ametoka shamba saa nane, ana kuni, ana mdogo mgongoni. Ila namba ziko pale, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 unasema udumavu wa watoto chini ya miaka mitano Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati nchi nzima ni 30. Hii ndo mikoa inayolisha nchi! Malori ya mahindi yanapita hapa barabarani kwenda Tunduma usiku kucha, parachichi za Njombe na Rungwe zinapanda ndege, maziwa, viazi, maharage ya njano, na zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa wamepungukiwa urefu. Na urefu ni kipimo cha nje tu, ndani ni ubongo uliokosa malighafi kwenye zile siku 1,000 za kwanza kuanzia mimba, na siku hizo zikishapita hazirudi hata ukimpa mtoto parachichi zima kila siku akiwa darasa la tatu.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu, chombo chako hakitafikishwa na mtu wa miaka 300. Kitafikishwa na mtoto aliyezaliwa humohumo ndani, wa kizazi cha mia na ngapi huko, ambaye hajawahi kuona mvua, na huyo lazima awe na akili ya kufungua mtambo wa hewa usiku ukikorofisha, aelewe kwa nini zege linakunywa hewa. Kizazi kimoja tu kikidumaa, kimoja, hakuna jirani wa kuazima fundi. Na sisi hapa, na ghala zimejaa, na mvua, na ng'ombe, hatujaweza. Yeye akasema mjomba unachanganya mambo, hiyo ni siasa ya lishe sio usafiri wa anga. Nikasema sawa, nionyeshe roketi inayokwenda bila mtu wa kuila chakula chake.

Tukahamia kwenye menyu, na hapo tulielewana zaidi. Kande, hilo halina mjadala. Mahindi yana upungufu wa protini fulani ambayo maharage yanayo, na maharage yana upungufu ambao mahindi yanauziba, ukila pamoja mwili unapata protini iliyokamilika bila mchinjo, na kande linapikwa na punje nzima kiini kikiwepo. Viazi vitamu vya njano kwa ajili ya vitamini A, majani yake yanaliwa pia, matembele. Viazi mviringo vina vitamini C kuliko watu wanavyodhani. Karanga kwa mafuta kwa sababu parachichi ni mti, linakula nafasi na linachelewa, japo mi roho inaniuma kuliacha. Kisamvu hapana, mihogo ina sumu yake na sitaki mtu anayekosea kukipika akiwa miaka ya mwanga miwili kutoka hospitali.

Kinachobaki ni vitamini B12, hiyo mimea haina, na kosa hiyo miaka kadhaa neva zinaharibika. Mpwa anataka nguruwe. Hoja yake ni kwamba pumba, maganda na mabua vipo tu, nani ale. Mimi nasema nguruwe anataka kilo kama tatu za chakula kuongeza kilo moja ya uzito, anahema oksijeni, na heka 111 hazina msamaha, bora wadudu. Wachina kwenye jengo lao la Lunar Palace 1 pale Beijing, ambako watu walikaa kwa zamu siku 370 kati ya 2017 na 2018, walifuga funza wa unga kwa mabaki ya mimea wakawala, na sisi kumbikumbi tunakula tangu enzi, hatuna cha kujifunza hapo. Ila sio kila mdudu ana B12 ya kutosha, kwa hiyo bado utahitaji pipa la bakteria wa kuitengeneza, na pipa likifa na watu wanaanza kufa. Kijana akasema ndo maana nasema nguruwe mjomba, nguruwe hahitaji fundi. Nikamuuliza ushawahi kufuga wewe? Nguruwe asiyehitaji fundi ni wa kwenye sahani. Wiki ijayo anarudi chuo na hilo bado hatujamaliza, ila kwa upande wa kukoboa tumekubaliana, kwenye chombo kile mashine ya kukoboa haipandi.